Paka Akiharibu Nyumbani, Msigombane: Tafuteni Sababu



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya fedha, wakwe, malezi ya watoto na mengine yanayoleta ubaridi kati ya mume na mke. Leo tutazungumza juu ya paka. Msicheke. Nyumba nyingi hufuga paka kwa ajili ya panya, na siku paka huyo anapokojoa juu ya godoro au kuiba nyama ya wageni, ugomvi huanza. Mume husema, "Huyu paka wako aondoke leo." Mke hujibu, "Amekuwa wangu tangu lini? Si wewe uliyemleta, Baba Njeri?" Kabla ya chakula cha jioni mazungumzo si ya paka tena. Yamefukuliwa mambo ya mwaka juzi.

Mara nyingi mwisho wake ni huu: paka hutiwa ndani ya gunia na kwenda kutupwa sokoni au kando ya barabara. Watoto hulia, panya hurudi, na kinyongo hubaki kati ya wazazi. Wahenga walisema, "Paka wa nyumba haingwa." Hawakusema kwamba paka hafanyi makosa. Walisema tu kwamba aliye wa nyumbani hafukuzwi kama mgeni. Basi tujifunze jinsi ya kukaa naye, na jinsi mume na mke wanavyoweza kulitatua jambo hili pamoja.

Paka halipizi kisasi

Jambo la kwanza la kuelewa ni tabia yake ya asili. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, mnyama anayepatikana hata hapa Kenya. Alisogea karibu na watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, maana nafaka huleta panya. Urafiki huo ni wa zamani sana. Katika kisiwa cha Cyprus limepatikana kaburi la miaka 9,500 hivi, ambamo mtu alizikwa na paka kando yake.

Hata hivyo, paka hakubadilika kama mbwa alivyobadilika. Amebaki mwindaji wa peke yake. Huwa macho sana alfajiri na magharibi, hufukia kinyesi chake, hunoa makucha, na hutia alama ya harufu mahali anapopaona kuwa pake. Mambo haya anapoyafanya porini hakuna anayemlaumu. Akiyafanya juu ya kochi, tunasema ana dharau.

Ndugu msomaji, paka hakai akapanga jinsi ya kukukomoa kwa sababu jana ulimfukuza jikoni. Tabia yake ikibadilika, mara nyingi ni dalili ya mojawapo ya mambo haya: maumivu, njaa, hofu, au kukomaa mwili. Kazi yenu ninyi mume na mke ni kutafuta ni lipi kati ya hayo.

1. Paka anayekojoa ndani

Angalieni kwanza anakojoa vipi. Akisimama wima, mkia ukiwa juu unatetemeka, na kurusha mkojo kidogo ukutani au kwenye mlango, huyo anatia alama. Hasa huwa ni dume aliyekomaa, na harufu yake ni kali sana. Dawa yake si fimbo. Dawa ni kumpeleka kwa daktari wa mifugo ahasiwe. Madume walio wengi, kama tisa kati ya kumi, huacha au hupunguza sana tabia hiyo baada ya kuhasiwa. Hata kuzurura usiku na kurudi na vidonda vya kupigana na mashume wa mtaani hupungua.

Akichuchumaa na kukojoa mkojo mwingi juu ya godoro, nguo au zulia, hiyo ni habari nyingine. Jiulizeni: Je, ana mahali pake pa haja? Usiku mnapofunga milango yote, mlitaka aende wapi? Tafuteni beseni pana, mtie mchanga mkavu wa kina cha inchi mbili hivi, mliweke pembeni pasipo na kelele, mbali na sahani yake ya chakula. Toeni uchafu kila siku. Paka ni msafi kuliko tunavyodhani, naye akiona beseni ni chafu atatafuta mahali pengine. Mwenye paka zaidi ya mmoja ampe kila paka beseni lake, kisha aongeze moja la ziada, kwa sababu paka hupenda kuzuiana njia.

Mahali alipokojoa paoshwe vizuri, maana harufu ikibaki atarudi hapo hapo. Tumieni maji baridi na sabuni ya unga, suuzeni, kisha pangusieni siki, na godoro lianikwe juani. Msimwagie Jik juu ya mkojo. Mkojo hugeuka kuwa na amonia, na Jik ikichanganyika na amonia hutoa mvuke unaochoma macho na kifua.

Hapa pana jambo la hatari ambalo kila nyumba yenye paka dume ni lazima ilijue. Mkimwona anakwenda kwenye beseni mara kwa mara, anajikamua, analia, na mkojo hautoki au yanatoka matone tu, huenda njia ya mkojo imeziba. Jambo hilo laweza kumwua kwa siku mbili au tatu. Mwenye nyumba asiyejua humpiga akidhani anacheza na mchanga, kumbe paka anakufa. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Wala msimpe dawa za watu za kutuliza maumivu. Kidonge kimoja cha Panadol kinaweza kumwua paka.

2. Paka mwizi

Watu wengi husema, "Paka asipewe chakula, ndipo atakapowinda panya." Huu ni mojawapo ya mizizi ya ugomvi wa jikoni, kwa sababu mmoja hufuata neno hilo na mwingine humhurumia paka kwa siri. Ukweli ni kwamba paka huwinda kwa silika yake, hata akiwa ameshiba. Paka mwenye njaa hukosa nguvu za kumvizia panya, naye huona sufuria ya nyama ni rahisi zaidi.

Jambo lingine ni aina ya chakula. Paka ni mla nyama kabisa. Ugali na maziwa peke yake havimtoshi. Mwili wake unahitaji kiini kiitwacho taurini, kinachopatikana katika nyama na samaki na kisichopatikana katika unga wa mahindi. Akikikosa kwa muda mrefu, macho yake hupofuka. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha pia kwamba ukosefu huo hudhoofisha moyo wa paka. Tena paka wengi wazima hawawezi kuyeyusha maziwa ya ng'ombe tumboni, nao huharisha. Halafu tunamlaumu kwa kuchafua nyumba, na sisi ndio tuliomnywesha.

Hamhitaji kununua chakula cha mkebe. Nunueni vipande vya bei nafuu buchani, kama vile mapafu, moyo na maini kidogo, au omena. Chemsheni bila chumvi wala kitunguu, kwa kuwa kitunguu humdhuru paka. Mpeni kidogo asubuhi na kidogo jioni, kwa saa zile zile, mahali pale pale. Maji safi yasikosekane. Kisha nyama yenu ifunikwe. Nyama iliyoachwa wazi juu ya meza hakuna paka wa kuikataa.

3. Paka anayerarua makochi

Mama ameshona vitambaa vya makochi kwa mkono wake, akavipanga sebuleni. Asubuhi anakuta nyuzi zinaning'inia. Uchungu wake unaeleweka. Lakini paka hana budi kunoa makucha. Ndivyo anavyotoa ganda la zamani la ukucha, anavyonyosha mgongo, na anavyoacha harufu iliyo katika nyayo zake. Huwezi kumkataza asinoe, ila unaweza kumwonyesha pa kunolea.

Hapa baba ana kazi ya kufanya. Chukua gogo au nguzo ya urefu wa kama mita moja, uizungushie kamba ya mkonge ukiibana vizuri, na uipigilie juu ya ubao mpana ili isitikisike. Iweke karibu na lile kochi analolirarua, si nyuma ya nyumba, kwa kuwa paka hupenda kunoa makucha mahali anapokaa na mara tu anapoamka. Kochi lenyewe lifunikwe na shuka nene kwa wiki kadhaa. Akinoa kwenye nguzo, mtupie kipande cha samaki. Baada ya muda atazoea. Kamba ya mkonge ni rahisi kuliko kununua makochi mapya.

4. Paka anayeuma na kukwaruza

Mara nyingi paka wa namna hii alichukuliwa kwa mama yake akiwa mdogo mno. Kitoto cha paka hujifunza kuwazoea watu hasa kati ya wiki ya pili na ya saba, na hujifunza kutouma sana kwa kucheza na ndugu zake. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki uliotolewa mwaka 2017, uliohusu paka karibu 6,000, ulionyesha kwamba waliotengwa na mama zao kabla ya wiki nane walikuwa wakali zaidi. Basi jirani akikupa kitoto cha wiki nne, mwombe akuwekee mpaka kikue.

Sababu nyingine ni sisi wenyewe. Kitoto kikiwa kidogo tunachezesha vidole mbele yake, naye anauma, tunacheka. Akikua na kuuma vidole vile vile tunampiga. Mfundishe kucheza na kamba au mpira wa matambara, si mkono. Wafundisheni watoto wasimvute mkia na wasimshike anapokula. Na paka akitikisa mkia kwa nguvu au akilaza masikio nyuma, maana yake ni, "Niache." Aachwe.

Lakini paka aliyekuwa mpole akibadilika ghafla na kuwa mkali, akatokwa na mate au akashambulia bila kuchokozwa, msimkaribie. Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Mtu akiumwa au akikwaruzwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama ataugua, kwa sababu dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemea. Paka achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo anavyoelekeza.

5. Paka anayelia usiku

Wako wanaosema paka akilia usiku analeta habari mbaya. Habari anayoleta mara nyingi ni hii: jike anataka dume. Jike anaweza kuanza akiwa na miezi minne tu, na mimba yake ni ya wiki tisa hivi. Nyumba yenye jike mmoja yaweza kujikuta na paka wengi kabla ya mwaka kwisha, na hapo ndipo vitoto hutupwa jalalani. Ni heri kumpeleka akafungwe kizazi kuliko kutupa vitoto kila mara.

Kama tayari amefungwa kizazi, basi pengine ana njaa, au alilala mchana kutwa. Watoto wacheze naye kwa kamba jioni kwa dakika kumi au kumi na tano, halafu apewe chakula chake cha jioni. Mwindaji akiisha kukimbia na kula, hulala. Akilia saa tisa usiku ukaamka kumpa chakula, umemfundisha kulia saa tisa usiku.

Fimbo haifundishi, na mikono miwili isivute pande mbili

Wengine humshika paka na kumsugua pua katika mkojo wake. Wengine humtupia kiatu. Paka hawezi kuunganisha kipigo cha jioni na kosa la asubuhi. Anachojifunza ni kwamba wewe ni wa kuogopwa. Na hofu yenyewe humfanya akojoe ovyo zaidi. Hata kelele za ugomvi na milango inayobamizwa humtia wasiwasi paka mpaka akaacha beseni lake. Kwa hiyo nyumba inayogombana juu ya mkojo wa paka huenda inauongeza mkojo huo.

Ubaya mwingine ni sheria mbili katika nyumba moja. Baba humfukuza paka mezani, mama humtupia mfupa kisirisiri, na watoto wanatazama. Paka akipata mara moja kati ya mara kumi, atajaribu mara zote kumi. Hawezi kujua kwamba jana palikuwa na mama na leo pana baba. Kaeni chini mkubaliane: Je, ataruhusiwa kupanda kitandani au la? Atalishwa na nani, saa ngapi? Nani atasafisha beseni? Mkishakubaliana, wote mlifuate neno hilo hilo. Mtaona kwamba watoto nao wanajifunza jambo kwa kuwaona mkikubaliana.

Mama akiwa mjamzito

Hapa ndipo nyumba nyingi humfukuza paka kwa hofu. Ni kweli upo ugonjwa unaoitwa toksoplazima ambao hupatikana katika kinyesi cha paka, na ukimpata mama mjamzito kwa mara ya kwanza unaweza kuharibu mimba au kudhuru macho na ubongo wa mtoto. Lakini vijidudu vyake vinapotoka katika kinyesi havina nguvu ya kuambukiza papo hapo. Huchukua kati ya siku moja na tano. Ndiyo sababu beseni lisafishwe kila siku.

Na alisafishe nani? Baba. Miezi yote tisa, hiyo iwe kazi yako, bwana, bila kuambiwa mara mbili. Ukiwa safarini, afanye mtu mwingine mzima. Ikiwa hakuna budi mama mwenyewe alisafishe, avae glavu na anawe mikono kwa sabuni. Pia mama ajihadhari na nyama isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa, na udongo wa shambani, kwa sababu ugonjwa huu hupatikana kwa njia hizo pia. Kumtupa paka na kuendelea kula nyama mbichimbichi hakumsaidii mtoto aliye tumboni. Mama aeleze kliniki kwamba nyumbani kuna paka.

Mtoto akizaliwa, paka asiachwe peke yake naye chumbani. Si kwamba ana nia mbaya. Paka hutafuta joto, na kitoto kichanga kina joto. Chandarua kizuri na mlango uliofungwa vinatosha.

Ikiwa mmeshindwa

Pengine mmejaribu yote, au mtoto ana pumu inayochochewa na manyoya ya paka. Hapo kumtoa si dhambi wala aibu. Lakini msimtupe wala kumwekea sumu. Kumtesa mnyama ni kosa kwa sheria ya Kenya, Sura ya 360. Tena sumu ya panya haichagui. Paka wa jirani akila panya aliyekufa kwa sumu naye aweza kufa, na mtoto atambaaye aweza kuiokota. Mtafutieni paka nyumba nyingine yenye ghala au duka la nafaka, mkieleza wazi tabia zake. Walio Nairobi wanaweza kuuliza katika chama cha KSPCA. Walio mashambani wamwone daktari wa mifugo wa kaunti ndogo yao.

Kabla ya kufikia hapo, wapendwa, fanyeni jambo moja. Siku paka atakapoharibu, asiwepo wa kusema "paka wako." Aulize mmoja, "Mama Njeri, unadhani ana nini?" Naye mwenzake ajibu, "Hebu tuangalie." Nyumba iliyozoea kuulizana hivyo juu ya paka itaweza kuulizana hivyo juu ya mtoto aliyeanza kuchelewa kurudi, na juu ya mume aliyekuwa mchangamfu na sasa amenyamaza.

Maswali ya kujadiliana mume na mke

1. Je, paka wetu ana mahali pake pa haja, pa kula na pa kunoa makucha? Kipi kinakosekana?

2. Ni sheria gani juu ya paka ambayo mmoja wetu huifuata na mwingine huivunja?

3. Je, paka wetu amechanjwa? Amehasiwa au kufungwa kizazi? Kama bado, tutatenga fedha mwezi gani?

4. Mara ya mwisho tulipogombana juu ya paka, ni jambo gani lingine lililokuwa nyuma ya ugomvi huo?